Shemeji wa bosi na jenerali aliyeshinda vita

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayesimamia ghala. Kazi ameifanya, wateja wamesifu, cheo kapewa ndugu wa bosi. Ananiuliza: "Kaka, nimpashe mbele ya watu?"

Mdogo wangu, usithubutu. Kaa nikusimulie habari za George Maniakes, maana yeye ndiye aliyenizuia mimi.

Maniakes alikuwa jenerali wa Bizanti, yaani dola la Kirumi la mashariki lililotawaliwa kutoka Konstantinopoli (Istanbul ya leo), katika karne ya 11. Psellos, mwandishi aliyemwona kwa macho yake, anasema alikuwa pandikizi la mtu, sauti kama radi, na kwamba vyeo alivipanda kimoja kimoja. Mwaka 1031 aliuteka mji wa Edessa. Mwaka 1038 kaizari Mikaeli wa Nne akamtuma kukikomboa kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, kutoka kwa Waarabu. Jeshini alikuwa na Wanormani, wapiganaji wenye asili ya Normandia huko Ufaransa, pia Harald Hardrada, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa Norwei. Messina ikaanguka. Mwaka 1040 akashinda vita vikubwa huko Troina, na Sirakusa nayo ikawa mkononi mwake.

Lakini merikebu zilikuwa chini ya Stephen, shemeji wa kaizari. Maniakes alimwagiza alinde pwani ili jemadari wa adui asitoroke. Akatoroka. Maniakes akapandwa na hasira, akamcharaza Stephen mjeledi kichwani huku akimwita mwoga na msaliti.

Alisema kweli. Ila Stephen alishika kalamu: akamwandikia Yohana, ndugu wa kaizari na mwenye nguvu zote ikulu, kwamba Maniakes anapanga uasi. Mshindi wa Sisilia akarudishwa Konstantinopoli akafungwa gerezani, na haikuchukua muda ushindi wake wote ukapotea.

Mimi nilikuwa msimamizi wa usafirishaji kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Malori yalikuwa yanalala mpakani, madereva hawalipwi posho, wateja wanakimbia. Nikainyoosha ile idara. Nasema bila kuona haya: niliinyoosha mimi. Kisha akaletwa shemeji wa mkurugenzi, asiyejua hata nyaraka za forodha, akawa anaingia vikaoni kueleza "mafanikio yetu". Siku alipozuia malipo ya mafuta na mzigo wa mteja mkubwa ukakwama, nilisimama mbele yake ngumi zimekaza. Nikaukumbuka ule mjeledi. Nikarudi mezani, nikaandika: saa ngapi, nani aliagiza, nani alizuia, hasara gani. Nakala kwa bodi.

Naye alikuwa anaandika. Aliniita mchochezi wa madereva. Tuhuma hizo zilikufa kwa sababu ripoti yangu ilitangulia. Cheo hawakunipa, na bado inaniuma hadi leo. Lakini niliondoka na jina safi, na wateja wakanifuata.

Vijana wenye uwezo tunaamini kazi nzuri itajisemea. Haijisemei! Andika mapema. Andika kila wiki, hata mambo yakiwa shwari. Tafuta mtu mmoja wa haki karibu na wenye maamuzi ajue unachofanya. Na andika tena.

Tena usidhani ukisamehewa mara moja yameisha. Mwaka 1042 Maniakes aliachiwa, akarudishwa Italia na jeshi. Nyumbani, jirani na hasimu wake Romanos Skleros, ambaye dada yake alikuwa kipenzi cha kaizari mpya, akapora mashamba yake, akamdhalilisha mkewe, kisha akamchongea avuliwe madaraka. Safari hii aliasi kabisa, akajitangaza kaizari. Mwaka 1043, karibu na Thesaloniki, jeshi lake likiwa linashinda, jeraha moja likamuua. Kichwa chake kilipelekwa mji mkuu.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kikao chako cha kesho, kusanya hati za mapokezi ya mizigo, hesabu za upotevu za mwaka jana na za mwaka huu, na barua za wateja. Ziweke kwenye kurasa mbili, tia tarehe, tuma kwa bosi na nakala kwa mkaguzi wa ndani. Baki na yako nyumbani.