Leso puani haizuii vumbi la karasha

Anayelisha karasha, mashine ya kuponda na kusaga mawe ya dhahabu, akiwa amefunga leso puani hujiona amejikinga, na kweli leso huzuia vumbi analoliona. Linaloua ni lile lisiloonekana: unga wa silika kutoka kwenye mwamba mweupe wenye dhahabu, wenye chembe ndogo kuliko maikromita 10. Chembe hizo hupenya kitambaa, zikatua ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Makovu yakizidi, hiyo ndiyo silikosisi. Haina tiba, na humwacha mtu akiwa rahisi kushikwa na kifua kikuu.

Kabla ya barakoa, maji. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania vilikuta wanaochoronga, yaani wanaotoboa mwamba, chini ya ardhi wakivuta wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kikomo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni 0.05. Barakoa nzuri ya nusu uso, ikivaliwa barabara, hukadiriwa kupunguza vumbi mara 10. Piga hesabu: bado unavuta zaidi ya mara 30 ya kikomo. Kwa hiyo choronga kwa maji, nyunyizia mawe kabla ya kuyaponda, na lowesha sakafu kabla ya kufagia. Karasha la gololi, pipa linalozunguka na gololi za chuma ndani, likisaga kavu halitaki mawe yaliyorowa, kwani unga huganda ndani. Hapo ziba mfuniko kwa mpira, na ukizima mashine acha pipa litulie kwanza. Anayefungua papo hapo ndiye anayekula vumbi kuliko wote.

Sasa barakoa. Ile ya hospitali yenye kamba za masikioni haibani uso, iache. Tafuta N95 yenye maandishi ya NIOSH, au FFP2 yenye alama ya EN 149, kiwango cha Ulaya, na mikanda miwili inayozunguka kichwa. Ukiona "N95" ya kuning'inia masikioni, usiinunue. Kwa kazi ya kila siku, barakoa ya mpira yenye vichujio vya vumbi vya daraja la juu, P100 au P3, hulipa zaidi, kwani unabadilisha vichujio tu.

Mkanda wa chini upite shingoni chini ya masikio, wa juu ukae utosini. Waya wa pua ukunje kwa vidole vya mikono miwili. Ukibana kwa mkono mmoja unatengeneza pembe, na vumbi hupita hapo hapo. Kisha funika barakoa kwa viganja na utoe pumzi kwa nguvu. Hewa ikikupiga machoni au mashavuni, rudia kuivaa. Ndevu, hata za siku moja, zinavunja mbano huo. Wengi hukasirika wakiambiwa wanyoe, lakini hakuna njia ya kuzunguka.

Usiifue N95. Kichujio chake hunasa chembe kwa chaji ya umeme tuli, na sabuni au spiriti huiondoa, ukabaki na kitambaa kizuri cha bei ghali. Usiipulize kwa kompresa pia. Itupe ikirowa, mikanda ikilegea, au pumzi ikiwa nzito. Ya mpira, toa vichujio, osha kwa maji vuguvugu na sabuni, anika kivulini, kisha kagua vali ya kutolea pumzi: punje moja ya mchanga ikikwama pale, vali haifungi na vumbi linaingia. Ihifadhi kwenye mfuko, si kwenye msumari kando ya karasha.

Kichujio cha vumbi hakizuii mvuke wa zebaki. Ukichoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki ukiwa na N95, ni kama hujavaa kitu.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapimwe kifua kikuu, na mwambie daktari wazi kwamba kazi yako ni vumbi la mawe, na kwa miaka mingapi. Kwenye picha ya eksirei silikosisi hufanana na kifua kikuu, na asiyesema huweza kumaliza dozi nzima ya dawa za ugonjwa asiokuwa nao.