Walipopunguza Mwendo Ndipo Walipotisha

Tangu niitaje hapa Neurosis, bendi ya roki nzito ya Oakland, California, simu yangu haijatulia. Nayajibu maswali manne.

Kaka, nimesikiliza albamu yao ya 1987, kisha ile ya 1996. Ni watu walewale kweli? (Kisasa)

Kiini chao ni kilekile. Scott Kelly, Dave Edwardson wa besi na Jason Roeder wa dramu walianza mwaka 1985, na *Pain of Mind* ya 1987 ni panki ya hadikoo (hardcore) tupu, yaani roki ya vurugu: nyimbo fupi, mbio, hasira. Steve Von Till akaingia 1989. Mageuzi yenyewe yanasikika kwenye *Souls at Zero*, 1992: kinanda kimeingia, nyimbo zimerefuka, mwendo umeshuka. Ukifika *Through Silver in Blood*, 1996, wimbo wa kwanza tu unapita dakika 12.

Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Mwaka 1984 Black Flag, wababe wa hadikoo, walitoa *My War*, na upande wa pili wakaweka nyimbo tatu tu za kujikokota. Mashabiki wao wengi walinuna. Melvins, vijana wa jimbo la Washington, walizipenda, wakapunguza mwendo zaidi, na metali ya slaji (sludge), yaani roki nzito ya kujikokota, ikaanza kupata sura. Kuna wanaosema bendi ikipunguza kasi imechoka. Nakataa. Hadikoo inakuzaba kofi na kukimbia. Slaji inakukalia kifuani.

Nikilegeza nyuzi za gitaa ili lisikike zito, zinapwaya na kugongagonga. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, UDOM)

Nyuzi zako nyembamba. Ukilegeza nyuzi ili sauti ishuke nusu-toni tatu (hatua tatu ndogo za muziki), mvutano unapungua, kwa hiyo funga nyuzi nene: kama unatumia seti ambayo uzi wake mwembamba zaidi ni namba 10, jaribu ya namba 12. Kisha mpe fundi aangalie shingo ya gitaa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, alilegeza nyuzi ili zisimuumize. Kwenye *Master of Reality* ya 1971 alishuka hizohizo nusu-toni tatu. Uzito wote tunaousikia leo una deni kwake.

Napiga dramu kwaya. Nyimbo za taratibu hivi si ni za kupumzikia? (Nkuhungu)

Thubutu! Kwa mapigo 200 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3, ukiteleza kidogo hakuna anayejua. Kwa mapigo 50 unasubiri sekunde 1.2, na ukiwahi, ukumbi mzima umekusikia. Mkono wa mpiga dramu hupenda kukimbilia. Gawa kila pigo mara nne kichwani, uhesabu kimya, na mguu usubiri zamu yake. Watazame pia akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma imebanwa mapajani: kila mmoja anaingia pale anapotakiwa, hakuna anayemharakisha mwenzake.

Mwanangu anasikiliza makelele haya usiku kucha. Ni mambo ya shetani? Na mimi nikitaka kuyaelewa, nianzie wapi? (Mama, Mpwapwa)

Shikamoo mama. Hapana, wanachopigia kelele hasa ni maumivu na hofu za mtu. Wasiwasi wangu ni masikio yake: mwambie ashushe sauti ya spika za masikioni. Wewe anza na *Souls at Zero*, mchana, kwenye redio kubwa ya sebuleni. Kwenye spika ya simu besi yote inapotea, utabaki na mayowe tu.