Baba amemaliza matibabu ya saratani ya utumbo, lakini hatoki ndani

Pole sana dada. Umesema baba alimaliza dripu za dawa za saratani miezi 5 iliyopita, ana mfuko wa choo tumboni, vidole vina ganzi, na hata msikitini haendi tena.

Mama yangu alipitia hayo hayo. Kilichomfungia ndani ni hofu ya mfuko kuvuja mbele za watu. Tulimwandalia kipochi: mfuko wa akiba, kitambaa, chupa ya maji, kanga. Akazoea kuumwaga ukifika theluthi, bila kungoja ujae. Siku ya kwanza tulifika dukani tu, tukarudi. Kuhusu swala, mwombe imamu aje nyumbani amweleze hukumu ya mwenye udhuru.

Ganzi mara nyingi huletwa na dawa zile za dripu. Asitembee peku, na daktari aambiwe.

Kliniki asiache hata akijisikia mzima. Kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana) kwa kawaida hurudiwa takriban mwaka 1 baada ya upasuaji. Mfuko ukikaa mtupu huku tumbo linauma au anatapika, kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo. Akisema heri afe, vilevile.

Nawe na ndugu zako mwulizeni daktari mwanze kupimwa saratani hii lini.