Laptopu ya gemu inajizima? Itazame inavyokufa kwanza, mazabodi baadaye

Kuna kijana wa Wete kaniandikia juzi, laptopu yake inakata kila akiingia mechi, fundi kamwambia mazabodi (motherboard, ile bodi kuu ya ndani) imekwisha, bora aiuze spea anunue nyengine. Nimeisoma meseji ile damu ikanichemka, maana maneno hayo hayo na mie niliambiwa hapa mjini, tena na mtu aliyekaa na mashine yangu siku na siku. Kwa hiyo namjibu yeye lakini najua mko wengi, kila mwenye laptopu ya gemu visiwani humu kaipata kwa kujibana, na wengi wetu ni mtumba wa Dubai, hakuna anayetaka kusikia neno mazabodi.

Yangu ina kadi ya picha ya GTX 1660 Ti, wakati nainunua nikajiona nishafika. Nataka GTA isikwamekwame, nataka mpira, nataka nianze na kurusha laivu watu wanione. Mwanzo raha tupu. Ikaingia kaskazi, na nyie mnaijua kaskazi ya Unguja, Januari usiku feni ya dari inazungusha joto tu, ndo mambo yakaanza. Nipo katikati ya gemu, pap, giza. Haikuganda, haikuleta skrini ya buluu, giza tu, na taa ya chumbani inawaka. Ramadhani ndo ikawa aibu kabisa, tumetoka tarawehe vijana wamejaa kwangu tunashindana mpaka daku, mtu anaongoza mbili bila mashine inakata, hapo unatukanwa wewe, laptopu na aliyekuuzia.

Nikaipeleka kwa fundi. Akanambia, "Niachie mashine, chaja kaa nayo, mie ninazo hapa." Lishikeni neno hilo. Akaipuliza na blowa kwa nje, akaweka Windows mpya, nikalipa. Kufika nyumbani ikakata. Nikamrudishia, akasema kwake haizimi, kaiacha inacheza gemu mchana kutwa, ananitazama kama nimemzushia. Mwisho ndo akaja na hiyo hadithi ya mazabodi, na kumbe anayo moja pembeni anauza, bei yake zaidi ya nusu ya pesa niliyonunulia laptopu nzima. Nikachukua mashine yangu nikaondoka. Mpaka leo nikipita mtaa ule sitazami upande wake.

Sasa sikiliza. Kitu cha kwanza, tazama inavyokufa. Ikizima pap bila kuaga, shuku joto au shuku umeme unaoingia kwenye mashine. Ikiwa gemu peke yake ndo linafungika unarudi kwenye desktopu na kompyuta iko hai, hapo katafute kwenye draiva ya kadi (programu inayoiendesha), mafaili ya gemu yaliyoharibika, au RAM (memori ya kompyuta). Skrini ya buluu, piga picha ile kodi ya kosa (stop code) iliyoandikwa chini, RAM na draiva ndo wa mwanzo kuulizwa. Mashine inayozima pap halafu mtu anakuwekea Windows mpya, huyo hajatazama inavyokufa, keshapokea pesa tu.

Na mkifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, mtakuta Kernel-Power 41, vijana wakiona neno Power basi, wanakimbilia kununua vitu. Ile 41 inasema kompyuta imewaka tena baada ya kuzimika bila utaratibu, kwa nini imezimika haisemi. Ni kama polisi kuja kuandika kwamba kuna mtu kafa, aliyemuua bado hajulikani.

Mie nikashusha HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, ni ya bure, unaiwasha upande wa sensa peke yake, nikacheza gemu kwenye windo ndogo ili namba nizione. Prosesa nyuzi 99, kadi 85. Prosesa nyingi za Intel za laptopu mwisho wake ni nyuzi 100, ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe, ndo maana gemu linaanza kukwama kwanza, na joto likizidi kupanda mashine inajikata ili isiungue. Nikafungua kifuniko cha chini. Feni kwa juu safi, fundi kaipuliza kweli, simzulii. Lakini nilipoitoa feni yenyewe, kati yake na zile bati nyembamba za kupoozea pana utando wa vumbi umeziba njia yote, nimeukamata kwa vidole ukatoka mzima mzima, wa kijivu, una nywele za paka, tena unanata, maana tunakaa karibu na bahari na hewa yetu ina chumvi na unyevu. Hicho kitu blowa ya nje haikitoi. Pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa nayo ilishakauka inapukutika, nikaifuta kwa spiriti ya isopropili nikapaka mpya, kidogo, ukubwa wa punje ya choroko. Na wewe ukipuliza feni ishike isizunguke ovyo, na betri ichomoe kabla hujagusa chochote ndani. Jamani na dawa ya mswaki msipake, najua kuna video zinasema inafaa, ikishakauka hapo utanikumbuka.

Prosesa ikashuka 84, kadi 73. Nikashangilia, nikaposti na picha ya lile vumbi, watu wakacheka. Halafu ikakata tena.

Si kama zamani, safari hii mara moja moja, lakini inakata na joto liko vizuri. Hapa ndo wengi wanapokata tamaa wanarudi kwa yule yule wa mazabodi. Mie nikakaa naitazama tu, na nikaona kitu kwenye kona ya skrini: chaja imechomekwa, alama ya kuchaji ipo, na asilimia ya betri inashuka. 61. Baada ya muda 58. Nikaigeuza laptopu nikasoma lebo ya chini, 19.5V 9.23A. Nikaichukua chaja nikaisoma, 19.5V 6.15A. Zidisha volti kwa ampia unapata wati: mashine inataka 180, chaja niliyopewa na muuzaji inatoa 120. Kichwa kinaingia vizuri, taa inawaka, ukiangalia muvi au ukiandika kazi hutojua kitu maisha yako yote. Gemu likianza, prosesa na kadi zinadai zaidi ya kile chaja inachoweza, upungufu unachotwa kwenye betri, na betri ya mtumba ishachoka, ikikamuliwa volti zinaporomoka, pap.

Na kwa fundi haikuzima kwa sababu alitumia chaja yake! Nikanunua ya wati 180, mpaka ninavyoandika haijakata hata mara moja, na gemu nacheza kuliko mwanzo. Lebo zote mbili nikazipiga picha nikamtumia yule fundi. Alama za buluu zimekuja, jibu halijaja.

Vijana wenzangu, tunajua bei ya kila skini kwenye gemu, tunajua nani kasajiliwa wapi, lakini chaja inayoilisha mashine hatujawahi kuigeuza tukasoma. Soma lebo. Mtu yeyote akikwambia mazabodi, muulize kapima nini, joto lilikuwa ngapi, chaja wati ngapi, akianza kukasirika beba mashine yako uondoke. Soma lebo, narudia.

Na hii ya kusema umeme wetu mdogo ndo unazima laptopu, chaja nyingi zimeandikwa INPUT 100-240V, ukishuka kidogo magharibi watu wote wanapowasha vitu, chaja inavumilia. Ukikatika kabisa na betri yako mbovu hiyo nyengine.

Ukishapita joto na chaja na bado, toa RAM ubakishe moja, cheza, kisha ubadilishe uweke ile nyengine, itakayokata umeipata. Au andika mdsched kwenye Windows iijaribu yenyewe. Draiva ya kadi ifute kwa DDU, programu ya kufutia draiva, ukiwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) kisha weka mpya. Gemu za Steam zina pahala pa kukagua mafaili. Haya sina hadithi nayo, mie hayakunihusu.

Kwa joto la huku kuna jambo moja nalipenda: kwenye Windows nenda Power Options, Maximum processor state, toa 100 weka 99. Kwenye mashine nyingi tabo (turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa) inazimika, prosesa inapoa, na gemu zinazotegemea kadi zaidi huenda usione tofauti ya maana. Na fremu (picha kwa sekunde) zifunge kwenye 60 kama skrini yako ni ya Hz 60, zikizidi hapo unaichosha bure.

Mnaoniuliza kuhusu zile feni za kuwekea chini ya laptopu, zinasaidia kama mashine yako inavuta hewa kwa chini, kama haivuti kwa chini umenunua taa za rangi. Mie nimeinyanyua nyuma kwa vizibo viwili vya chupa ya maji, na siichezei tena juu ya godoro.