Nina miaka 41, kikokotoo kinasema 49

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Donholm. Nilifanya uchunguzi wa mwili mzima, kisha mpwa wangu akaingiza majibu ya damu kwenye kikokotoo cha PhenoAge mtandaoni. Kikasema mwili wangu una miaka 49. Je, nimepoteza miaka minane ya kuishi? RDW ni 16.2 na MCV 74. Mengine maabara iliandika ni ya kawaida.

JIBU: Dada, mimi ni mtu wa maabara, si daktari, kwa hiyo nitaisoma karatasi tu. Hujapoteza kitu.

Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2018 na Morgan Levine na wenzake huko Marekani. Walichukua vipimo tisa vya damu pamoja na umri, wakakadiria uwezekano wa mtu kufa ndani ya miaka 10. Hiyo 49 ina maana kwamba hatari yako, kwa macho ya hesabu hiyo, inafanana na ya Mmarekani wa kawaida wa umri huo. Utakufa lini, haijui. Ukiwapima watu elfu moja, itakuonyesha kundi lipi litazikwa mapema zaidi kwa wastani. Nani hasa, haiwezi.

Sasa tuje kwa namba zako. RDW hupima jinsi seli nyekundu zinavyopishana ukubwa, na kwenye fomula hiyo kila nambari moja inayopanda huongeza kama miaka 3.6. Kutoka 13, ambayo ni ya kawaida, hadi 16.2 umeongezewa zaidi ya miaka 11. Halafu MCV yako ya chini, yaani seli ndogo, imekurudishia karibu mitano. Ajabu hiyo! Kikokotoo kimekupongeza kwa jambo ambalo sisi hulipigia mstari mwekundu. Ukitoa, unabaki na karibu saba, na hapo ndipo minane yako ilipotoka kwa sehemu kubwa.

Seli ndogo zinazopishana ukubwa hunifanya nishuku upungufu wa madini ya chuma kabla ya kingine chochote. Chini ya darubini huwa zimepauka katikati, nyingine nyembamba kama penseli. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na umweleze daktari ukweli kuhusu hedhi yako: inadumu siku ngapi, unabadilisha pedi mara ngapi.

Muulize pia mpwa wako kuhusu CRP, kimoja cha vile vipimo tisa, ambacho hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Maabara nyingi za hapa Nairobi huandika miligramu kwa lita, ilhali fomula ilitungwa kwa miligramu kwa desilita. Kama hakugawanya kwa kumi, alikuzeesha zaidi ya miaka miwili bure.

Ukianzishiwa dawa za chuma, usikimbilie kikokotoo mwezi ujao. RDW huweza kupanda kwanza, kwa sababu seli mpya kubwa zinachanganyika na zile ndogo za zamani. Seli nyekundu huishi kama siku 120, basi subiri miezi minne. Na chai isogeze mbali na mlo, hata saa moja tu, maana huzuia chuma kufyonzwa.