Maswali ya Bustani: Tulipu Zilizotoa Majani Matupu

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Dada yangu aliye Uholanzi aliniletea vitunguu 20 vya tulipu. Nilivipanda hapa Limuru mwezi wa Aprili, mvua ilipokolea. Vimetoa majani mapana ya kupendeza, lakini ua sijaona hata moja. Udongo wangu una kasoro gani?
*Msomaji, Limuru*

JIBU: Udongo wako hauna kasoro, ndugu yetu. Kilichokosekana ni baridi. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, ambako majira ya baridi huchukua miezi. Ua lenyewe huwa limekwisha kuumbika ndani ya kitunguu kabla hakijafika dukani. Ukikipasua kwa kisu utaliona, dogo, limefunikwa na magamba. Ila bua halirefuki kulitoa nje mpaka kitunguu kikae wiki 12 hadi 16 katika nyuzijoto 2 hadi 9. Limuru ni baridi kwetu sisi watu, lakini jua la mchana huivunja baridi ya usiku, hata Julai, na hesabu hiyo haitimii. Majani hutoka, ua hufia ndani.

Vya mwaka huu usivihangaikie, vitupe kwenye mboji. Ukipata vingine, baridi hiyo itengeneze kwa friji. Chagua vitunguu vigumu, vyenye mzunguko wa sentimita 12 au zaidi. Ukungu kidogo wa kijani juu ya ganda ufute tu; kinachobonyea kitupe. Vitie kwenye mfuko wa karatasi wenye matundu, uviweke sehemu ya nyuzijoto 4 au 5, mbali na sehemu ya kugandishia. Na katika friji hiyo pasiwe na tufaha, ndizi mbivu wala parachichi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hulikausha ua changa ndani ya kitunguu. Wengi hungoja miezi mitatu kwa subira yote, kumbe ua lilishakufa wiki ya pili kwa sababu ya tufaha mawili.

Vitoe wiki ya 14 na uvipande siku hiyohiyo. Chungu cha kipenyo cha sentimita 20 hubeba vitunguu 6 au 7, ncha juu, vikikaribiana bila kugusana. Upande uliobapa wa kila kitunguu uelekeze ukutani mwa chungu, kwa sababu jani la kwanza, lile kubwa, hutokea upande huo na litaning'inia nje badala ya kuwabana wenzake. Mchanganyiko uwe wa kupitisha maji: udongo mwepesi, mboji na mchanga wa mto. Weka kivulini penye ubaridi mpaka machipukizi yafike sentimita 5, kisha uhamishie penye jua la asubuhi tu. Bua likitoka fupi, ua likafunguka karibu na udongo, ujue baridi haikutosha.

Kwa kuwa vitunguu vipya huuzwa Ulaya kuanzia mwisho wa Agosti, ukivitia friji Septemba vitachanua Januari au Februari, wakati wa joto. Baraza lisilopigwa na jua la mchana ndilo mahali pake. Ua litadumu wiki moja hivi, na mwaka unaofuata halirudi. Tunaliona ni jambo linalostahili kufanywa, mradi ujue unapanda ua la msimu mmoja. Jambo jingine: usivipitishe mpakani kimyakimya kwenye sanduku la nguo. Vinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea cha nchi vinakotoka, kwa kuwa minyoo na kuvu husafiri navyo.

SWALI: Shikamooni. Huku Minneapolis mwaka wa kwanza tulipu zangu zilijaa kitalu kizima, wa pili zikapungua, safari hii nimepata maua matatu. Kindi nao wanafukua. Nifanyeje?
*Msomaji, Minnesota*

JIBU: Marahaba. Wewe baridi unayo tele; tatizo lako ni chakula. Kitunguu kikubwa kikishachanua hugawanyika kuwa vidogo vidogo, na kidogo hakina akiba ya kutoa ua. Akiba hiyo hutengenezwa na majani baada ya ua kunyauka. Kata kichwa cha ua tu, kisiweke mbegu, na majani uyaache mpaka yawe manjano yenyewe, kama wiki sita. Usiyakate wala kuyafunga fundo ili bustani ipendeze. Kitalu kikimwagiliwa kila siku wakati wa kiangazi, vitunguu huoza, maana kwao kiangazi ni kikavu. Unaponunua tena, tafuta jamii ya Darwin Hybrid. Hiyo hurudi miaka kadhaa.

Panda kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwisho wa Oktoba, kina cha sentimita 15 hadi 20, umwagilie mara moja. Kuhusu kindi, laza wavu wa kuku juu ya kitalu, uufunike kwa udongo kidogo, machipukizi yatapenya. Okota maganda yote yaliyodondoka, harufu yake ndiyo inayowaita. Na changanya nargisi (daffodil) humo: zina sumu, kindi na sungura hawazili.

SWALI: Je, sisi wa Arusha hatuna maua ya vitunguu yanayochanua yenyewe mvua zikianza?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Mnayo, tena mazuri. La kwanza ni la Afrika hapahapa, *Scadoxus multiflorus*: tufe jekundu la maua madogo hata 200 juu ya bua moja, linalochomoza ardhini mvua zinapoanza. Lipande kivuli cha mti, shingo ya kitunguu iwe usawa wa udongo, na usilihamishehamishe. Lina sumu, kwa hiyo liwe mbali na watoto na mbuzi.

La pili ni amarilisi. Hili linahitaji ukame kama tulipu inavyohitaji baridi. Acha kumwagilia kwa wiki 8 hadi 10, Januari na Februari, majani yakauke. Mwagilia tena Machi, nalo litachanua katika wiki 6 hadi 8. Theluthi moja ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Kikifukiwa chote, shingo huoza.

SWALI: Asmini yangu imestawi mpaka ukutani, lakini maua ya kikuba, kishada cha kujipamba, sipati.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Bila shaka unaipa samadi nyingi au urea. Nitrojeni huleta majani. Acha kuitia mbolea hiyo, kisha kata theluthi moja ya kila tawi, kwa sababu asmini huchanua kwenye ncha za matawi mapya. Ipate jua kwa muda wa saa sita kila siku. Matumba yachume jioni yakiwa meupe na bado yamefumba. Ukingoja asubuhi, harufu nyingi imeshakwenda.