Kerr alicheza, tena sana

Mdogo wangu, unauliza kama Steve Kerr aliwahi kucheza basketi mwenyewe kabla ya kuwa kocha na kumfundisha Jonathan Kuminga, mtoto wetu wa Goma. Alicheza NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, misimu 15. Ana vikombe 5 kama mchezaji: 3 na Chicago (1996 hadi 1998), 2 na San Antonio (1999 na 2003). Staa hakuwa, alitokea benchi kupiga za mbali. Tafuta fainali ya 1997, mechi ya 6, Chicago na Utah: 86 kwa 86, dakika ya mwisho inaisha. Michael Jordan, staa wa Chicago, anabanwa na watu wawili, anamsukumia Kerr aliyeachwa peke yake. Ndani!

Kisha akafanya utangazaji, akawa meneja wa timu ya Phoenix, na 2014 timu ya Golden State wakampa ukocha mkuu bila kuwahi hata kuwa kocha msaidizi. Msimu wa kwanza tu, kikombe. Wengine wangejaribu hivyo wangefukuzwa kabla ya Krismasi. Akaongeza 2017, 2018 na 2022, huo wa mwisho Kuminga akiwemo. Ila zile mechi alizomkalisha kijana benchi, hapa mtaani bado hatujamsamehe.